Suruali Uliyoipunguza kwa Siri

Papa,

Leo nimefumua suruali yako ya kijivu, na nimekukasirikia kiasi cha kushindwa kumaliza kazi. Ndiyo maana nimeweka wembe chini na kuchukua daftari.

Nikueleze ilivyokuwa. Maman amegawa nguo zako. Miezi saba imepita tangu tukuzike, na anasema zikining'inia pale kabatini zinamuumiza macho. Kanzu ameipeleka msikitini, mashati yameenda kwa majirani, na ile suruali ya Iddi, uliyojishonea kwa kitambaa cha Bukavu, amempa mjomba Saidi, kaka yake. Unamjua mjomba na tumbo lake. Maman akaniambia niiachie kiunoni, iwe pana. Nikakaa kwenye cherehani yako, hapa barazani Kamembe, nikafungua mshono wa nyuma. Nilitegemea kukuta mshono mmoja. Nimekuta minne.

Minne, Papa! Wa kwanza ni ule wa siku ulipoishona, uzi wake umeshapauka. Wa pili umeingia ndani upana wa kidole. Wa tatu kidole kingine. Wa nne umeingia ndani sana, na kitambaa chote kilichozidi umekikunja, ukakipiga pasi, ukakishikiza kwa mkono kisitokeze. Kazi safi kabisa. Hakuna fundi katika mji huu ambaye angeijua bila kuifungua. Ulikuwa unakonda, na kila ulipokonda uliiingiza suruali ikufuate, ukaenda sokoni, ukaenda msikitini, ukakaa mbele yetu ukila ugali, sisi tukiona mtu yuleyule.

Unakumbuka, au labda hukusikia, ulikuwa umeshapoteza fahamu: daktari alituambia sukari ilikuwa imekukaa miaka. Maman alimbishia. Alimwambia mume wangu hajakonda hata kidogo, tazama nguo zake zinavyomkaa. Daktari akakitazama kile kidonda cha mguuni ulichokificha ndani ya kiatu cha kufunga. Mimi nilimwona daktari yule kuwa mjinga. Nilimchukia kwa ajili yako. Kumbe sisi ndio tulikuwa wajinga, na wewe ndiye uliyetufanya hivyo.

Sasa nikwambie jambo ambalo Maman halijui. Kwenye droo ya cherehani, chini ya vifungo na nyuzi za akiba, kuna karatasi yenye jina langu. Walikuja shuleni kutupima, uzito na urefu, na muuguzi akanivuta pembeni, akaandika kwamba niende hospitali nikapimwe sukari, nisichelewe. Nina miaka kumi na saba. Nilikuja na karatasi ile hadi hapa, nikafungua droo, nikaifunga. Wiki sita sasa. Kila siku navuta droo hiyo kutafuta sindano, naiona, naisukuma chini.

Nani alinifundisha hivyo? Sikuulizi, najua.

Lakini tulianza vizuri, mimi na wewe. Hilo ndilo linaloniuma. Nilipokuwa na miaka kumi, muuguzi wa kituo cha afya alikwambia mtoto huyu amezidi uzito, apunguze vya kukaanga, apunguze sukari kwenye chai, atembee. Wanaume wengine wangetikisa kichwa na kusahau. Wewe ulifanya kama ulivyoambiwa. Kila siku ukishaswali alasiri ulifunika cherehani kwa kile kitambaa cha maua, ukanishika mkono, tukateremka kwa miguu kutoka Kamembe mpaka Cyangugu, kule chini ziwani. Tulikaa kwenye jiwe, tukaitazama Bukavu ng'ambo ya mpaka, ukanionyesha mtaa uliokulia wewe, na kila mara ulionyesha mahali tofauti. Halafu tukapanda. Kupanda ndiko kulikuwa na kazi. Nilishika shati lako kwa nyuma, ukanivuta kama mbuzi anayekataa mnada, ukisema, "Kona moja tu, mutoto wangu, halafu tunapumuzika." Na baada ya kona hiyo ilikuwepo nyingine. Nilikuwa nalia na kucheka.

Na ilifaa! Iddi mbili mfululizo ulinipima kwa utepe, ukaangalia namba ya mwaka uliopita kwenye daftari lako la vipimo, ukapiga kelele mpaka Mama Feza wa nyumba ya pili akatoka kuona nani kaumia. Kiuno hakijaongezeka, urefu umeongezeka. Ulinishonea gauni la njano. Nilikimbia nalo uani, na nilikuwa mtoto anayekimbia.

Halafu wakafunga.

Watu siku hizi wanaizungumzia Corona kana kwamba ilikuwa mvua ya siku tatu. Sisi wa wilaya ya Rusizi hatusahau kirahisi. Tulifungwa na nchi nzima, halafu wenzetu wakafunguliwa sisi tukabaki ndani. Redio ilikuwa ikitaja wilaya zinazofunguliwa, na wewe ulikuwa unaongeza sauti ikikaribia jina letu, na jina letu likawa linatajwa peke yake, upande wa waliobaki kufungwa.

Shule zilifungwa. Mpaka ulifungwa, kwa hiyo Maman ambaye kila asubuhi alivuka kwenda Bukavu na beseni lake la nyanya, akawa hana pa kwenda. Akaanza kukaanga mandazi ili wapangaji wa uani wanunue. Wapangaji wenyewe hawakuwa na kitu. Mandazi yalibaki, na yaliyobaki nani aliyala? Wewe ulikuwa mmoja wa wachache wenye kazi, ulishona barakoa. Ulikaa kwenye kiti kuanzia asubuhi hadi jioni, mimi chini miguuni pako nakata mipira ya masikioni, katikati yetu thamosi ya chai na sahani. Somo la redio likianza, nilisikiliza nikitafuna. Likiisha, nilichukua simu ya Maman nikatazama katuni nikitafuna. Nilikuwa naamka saa nne. Nilikuwa nalala nikishachoka kutazama, si kwa sababu nimechoka. Hatukuwa tena na saa ya kula, tulikula kwa sababu chakula kilikuwa karibu. Watoto wembamba wa uani waliruka kamba, mimi nilikuwa nahesabu mizunguko yao nikiwa nimekaa. Hakuna aliyeniambia simama, hata wewe.

Na hapo nitasema ukweli wote, maana sitaki nikuonee. Ilikuwa aibu kulalamika. Mama Feza alikuwa anapanga foleni ya unga wa msaada, watoto wake walikonda mpaka shingo zao zikaonekana ndefu. Utatoka vipi hapo mlangoni useme mtoto wangu ananenepa, nisaidieni? Mama Feza mwenyewe alinishika mashavu mbele yako, akasema, "Zaituni iko bien! Ona mashavu! Kwenu banakulaka!" Na wewe ulitabasamu. Nilikuona, Papa. Lilikuwa tabasamu la mtu aliyesifiwa. Ulikulia kwenye njaa ng'ambo kule, ulishatuambia mara nyingi jinsi mlivyogawana kiazi kimoja ndugu wanne, na sasa dunia nzima imefungwa na binti yako ana mashavu. Ukaniongezea andazi. Kila mwili wangu ulipoongezeka, kwako ilikuwa ni sifa ya nyumba yako.

Nimekuwa nakufikiria hivyo nikitaka kukusamehe. Kisha nakumbuka ile kona.

Siku ile ulijaribu, nakubali. Tulikuwa bado tumefungwa. Ulivaa viatu vya kutembelea, ukanifunga barakoa ya kitenge uliyonishonea, ukasema tutafika ziwani hata kama ni haraka haraka. Nilikuwa na furaha mpaka nikasahau kunywa chai. Tulifika kwenye kona ya mikaratusi, nami nilikuwa tayari nahema. Pale alisimama kijana wa kulinda njia, mwenye kizibao na fimbo. Akakuuliza mnaenda wapi. Ukamjibu kwa heshima, ukavua na kofia, mtu mzima kama wewe, ukamwambia mtoto huyu anatakiwa kutembea, kwake ni dawa. Yule kijana akanitazama kuanzia miguuni akapanda polepole mpaka usoni. Akacheka. "Dawa gani? Huyu alisha shiba! Murudi kwenu."

Tukageuka. Sijui ungefanya nini zaidi, amri ilikuwa amri. Lakini njia nzima hukunishika mkono. Ulitembea mbele yangu, na mimi nikawa nakimbiza shati lako na silifikii. Mpaka leo nikienda upande ule napanda pikipiki, nikifika kwenye mikaratusi natazama upande wa pili.

Baadaye walitufungulia. Mpaka nao ukaja ukafunguliwa, Maman akarudi na beseni lake. Wewe na mimi hatukurudi. Nilingoja siku ya kwanza baada ya alasiri, nikavaa viatu. Ulikuwa unashona sketi ya mtu. Nikangoja ya pili. Siku ya tatu sikuvaa. Hukuwahi kuitaja tena ile safari ya ziwani, kana kwamba ilikuwa ndoto niliyoiota peke yangu. Ulikuwa unaona aibu? Kwa ajili yangu au kwa ajili yako? Naomba uniambie. Hapana, huwezi. Basi nimechagua mwenyewe: uliona aibu kutembea na mimi. Kama sivyo, ungeniambia ulipokuwa na mdomo.

Nisamehe. Au usinisamehe, niache nimalize.

Shule ilipokaribia kufunguliwa nilimwambia Maman gauni langu la buluu la shule linanibana, halitanitosha tena, mwili wangu niliujua. Ukasema lete nilipige pasi. Asubuhi ya shule nikalivaa. Likaingia! Likafunga mpaka kifungo cha mwisho. Nilikuja mbio kukuonyesha, na wewe ukasema, hata hukuinua macho kwenye sindano, "Ni kitambaa njo inapungukaka kwa maji. Weye uko vile vile." Nikaamini. Nilitoka nyumbani nikiamini niko vilevile, nikapita mbele ya darasa zima nikiwa na uso wa mtu aliye vilevile.

Walinipa jina kabla ya mapumziko. Bosi. Kwenye dawati la watatu nilikaa, yule wa mwisho akaanguka chini, mwalimu mwenyewe akauma midomo asicheke. Ningejua, Papa, ningejiandaa. Ningeingia na uso mwingine. Uliniacha niende mikono mitupu kwa sababu hukutaka kuniambia namba ya kiuno changu. Na nilipokuja nikilia kwamba mbio za shuleni zinaniua, hukusema twende ziwani. Uliandika barua kwa mwalimu kwamba nina kifua. Sijawahi kuwa na kifua.

Na utepe. Nimeligundua leo tu. Baada ya Corona hukuwahi tena kunipima kwa utepe. Kila mtu aliyekanyaga baraza hili ulimpima, hata mjomba ukimcheka, lakini Iddi ikifika ulinitazama kwa jicho moja limefumbwa ukasema mimi unanijua kwa macho. Niliona ni mapenzi. Nilijigamba nayo.

Basi leo, baada ya ile suruali, nilikwenda kwenye sanduku la chini ya kitanda, nikalitoa gauni la buluu. Nilijua nitakachokikuta kabla ya kuligeuza. Ubavuni mistari mitatu ya matundu ya sindano, kila mmoja umesogea nje kuliko mwenzake. Akiba yote ya kitambaa ilipokwisha, ulitia kipande kwapani, buluu iliyopauka kwa kuanikwa juani ili ifanane. Ulikianika juani makusudi! Nimevilaza mezani vyote viwili, gauni langu na suruali yako. Mishono yangu inakwenda nje, yako inakwenda ndani. Tumekaa hapa barazani miaka yote, baba na binti, thamosi katikati, na wewe umeshika sindano ukihakikisha hakuna anayejua kitu.

Nimelia, ndiyo. Nimelia mpaka mteja aliyekuja na zipu yake akaondoka kimyakimya.

Lakini bado sijakuambia la mwisho, na hili siwezi kulitia mgongoni mwako. Mwezi uliopita mama mmoja alileta sketi ya binti yake wa miaka tisa. Mtoto mwenyewe alikuwepo, mnene, amejibanza nyuma ya mama yake, kidole mdomoni. Nikamjua. Namaanisha nilijijua. Nikaiachia ile sketi vizuri, mshono wa siri kama ulivyonifundisha, na mtoto alipoivaa ikamkaa akashangaa, nikamwambia haikuwa yeye, kitambaa cha siku hizi kinapungua kwa maji. Akacheka kwa furaha. Mama yake akanishukuru kwa macho. Nilijiona mtu mwema, Papa. Siku nzima nilijiona mtu mwema. Leo ndipo nimesikia ni sauti ya nani iliyotoka kinywani mwangu.

Kwa hiyo sasa najua ulivyojisikia. Hukuwa na roho mbaya. Ulikuwa na uoga na mkono mzuri, basi. Mtu asiyejua kushona angelazimika kusema. Maman, masikini, angelazimika kununua gauni jingine, na dukani wangemwambia saizi mbele ya watu, na tungelia sote siku moja, yakaisha. Sisi mafundi tuna njia ya kuepuka siku hiyo. Na wewe umeiepuka mpaka kaburini.

Nimeacha kuandika kidogo. Nimerudi sasa, nikueleze nilikokwenda.

Nimevuta droo nikaitoa ile karatasi, imejikunja na ina doa la mafuta ya cherehani. Maman alikuwa nyuma anapepeta mchele. Nimemwekea karatasi juu ya ungo, na suruali yako, na gauni langu, vyote vimegeuzwa ndani nje. Ameanza na suruali. Amepitisha kidole kwenye mishono, mmoja, wa pili, wa tatu, na wa nne amekaa nao muda mrefu. Nimeona uso wake unakumbuka yale aliyombishia daktari. Kisha gauni. Kisha karatasi, ameisoma akisogeza midomo. Nilingoja anipige, au apige kelele kwamba mnataka kuniua wote wawili. Amepangusa mikono kwenye kitenge, ameniuliza, "Tunaenda siku gani?" Nimesema kesho. Nilitaka kusema wiki ijayo, Papa, wallahi, ilishafika kwenye ulimi.

Sijui watakuta nini kwenye damu yangu. Nina hofu. Kama ipo, ipo, nitaijua nikiwa bado nina miguu yote miwili mizima. Kama haipo, sitasema nimeshinda.

Mjomba Saidi hatapata suruali. Maman amekubali. Nimeondoa mishono yako yote ya uongo, nimeacha ule wa kwanza tu, nimeipiga pasi. Imerudi kwenye kipimo cha mtu uliyekuwa siku zile za ziwani. Nitaitundika hapa ukutani juu ya cherehani, wateja wakiuliza nitawaambia ni ya nani na ina historia gani. Na yule mtoto wa sketi akirudi, maana atarudi, nitampima kwa utepe taratibu, nitamwambia namba yake sikioni bila kucheka, na nitamuuliza kama anapenda kutembea. Nakuahidi hilo kwa mkono huuhuu ulionifundisha.

Bado nina hasira na wewe. Usidhani barua imeimaliza. Nitakuja nayo makaburini Ijumaa, nitakusomea Yasini na nitakugombeza, vyote viwili. Mungu akulaze pema, fundi wangu. Akupunguzie.

Maman ameuliza kama aite pikipiki mbili za asubuhi. Nimekataa. Njia ya hospitali inapita kwenye ile kona ya mikaratusi, nimemwambia tutakwenda kwa miguu. Nitahema, najua. Nitashika kitenge chake kwa nyuma, na tukifika pale, Papa, hatutageuka.

Binti yako,
Zaituni